Tisini na Tisa kwa Mia

"Ile programu ya kuchora mishono, nikiiweka kwenye kompyuta inafika tisini na tisa kwa mia, inagoma," mshonaji alimlalamikia jirani yake wa kiti kwenye basi. "Basi naizima kompyuta, naanza upya. Wiki ya pili hii, na bibi harusi ananisubiri."

"Hongera, dada!" alicheka jirani huyo, bwana mwenye begi la kompyuta. "Fundi gani huyo hodari aliyekwambia uzime?"

Muuguzi aliyeketi kiti cha nyuma yao alikuwa amefumba macho kwa adabu. Masikio hakuyafumba.

"Wa kwenye simu, hata sura simjui," mshonaji alijibu. "Kila shida ni zima, washa. Ngoja nimpigie umfundishe kazi."

Begi likaanza kuita.

"Shusha hapa!" alipaza sauti bwana yule, aliyekwisha kumwambia kondakta kwamba anashuka mwisho wa safari.