Fito za Cansilde

Basi dogo lilipopita Nyundo, Gakwaya, mzee aliyeketi kando ya Cansilde, akauliza fito zilizofungwa juu ya paa ni za nani.

"Za maharage yangu," akasema Cansilde. "Ikikosa pa kupandia, inaoza chini."

"Na we, mama, iko nani wa kukushika?"

"Shemeji. Tangu bwana yangu akufe, anataka nihamie kwake, shamba alime yeye."

"Bon, si musaada huo? Kubali!"

"Fito inashika maharage, muzee. Ulishaona fito inakula maharage?"

Gakwaya akacheka. "Lakini peke yako utachoka."

Hilo Cansilde alilijua kuliko yeye.

Basi likasimama Kanzenze. Shemeji alikuwa akingoja, mikono tayari. Cansilde akamkabidhi ncha moja ya mzigo wa fito, nyingine akaiweka begani mwake, akatangulia kuelekea shambani kwake mwenyewe.