Mapengo ya Koili: Maneno ya Kumuaga Mama Tecla

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Mwenyekiti wa Bodi ya Redio Umande. Waheshimiwa madiwani mliopanda mlima huu wa Bukiriro katika utelezi wa mvua ya jana. Viongozi wetu wa dini. Bwana Ansbert, meneja wangu. Ndugu wageni waalikwa na wafanyakazi wenzangu. Wazee wetu, shikamooni. Na wewe nisiyekuona, unayenisikia ukiwa shambani Nyamigogo au jikoni Kaniha, nakusalimu pia. Bila wewe, sisi hapa tungekuwa watu wanaozungumza na ukungu.

Jina langu ni Fathiya Muksini. Baba yangu anauza vitenge Biharamulo mjini, na mimi ni fundi mitambo wa redio hii. Leo nimepewa kazi mbili. Ya kwanza ni kumuaga Mama Tecla, aliyesafisha na kutunza chumba cha mtambo tangu kituo kifunguliwe, na ambaye sasa anastaafu. Ya pili ni kuuaga mtambo wenyewe, ambao sauti yangu inapita ndani yake kwa mara ya mwisho. Nikimaliza kusema, Mama Tecla atauzima, kisha mtambo mpya utawashwa. Lakini kabla ya hapo nina ombi kwa ajili yake, na ombi hilo lilishakataliwa mara moja. Nitalifikia.

Wengi wenu mmewahi kuniuliza ndani ya lile kabati la chuma la mtambo kuna nini. Kuna vitu vingi, ila kinachoipa sauti yetu mahali pake hewani ni koili: bomba jembamba la shaba lililozungushwa mviringo baada ya mviringo, kila mzunguko umeachana na mwenzake kwa upana wa kidole. Mmewahi kuwatazama wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja? Mchi mmoja unapopanda mwingine unashuka, na wakishapatana, mikono haichoki, kinu chenyewe kinaanza kuimba. Koili ina mwenzake wa kutwanga naye, kifaa kinachoitwa kapasita. Wanapokezana umeme, huyu anampa huyu, huyu anamrudishia huyu, na ukiwasukuma kwa mdundo wao wenyewe, kile kidogo ulichowapa kinakua mpaka kinaweza kuvuka milima. Ukiwasukuma kwa mdundo mwingine, michi inagongana.

Watu wa kwanza waliorusha mawimbi ya redio, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, walijenga koili ambazo baadhi zilikuwa ndefu kuliko mtu, na mitambo yao ilitoa cheche zilizolia kama mjeledi. Kila mmoja alisikika kila mahali kwa pamoja, kama gulio ambalo wauzaji wote wanaita na hakuna anayejua aitike wapi. Ndipo walipojifunza kuoanisha koili ya anayetuma na koili ya anayepokea, ziitikie mdundo mmoja. Tangu hapo mtu aliweza kumwita mwenzake katikati ya kelele, na aliyeitwa akageuka, yeye tu. Nilipofundishwa jambo hilo chuoni niliacha kuandika. Niliziona akilini koili mbili, moja mlima huu na nyingine bonde lile, hazijawahi kugusana, na hii inatetemeka kwa sababu ile imetetemeka. Mwalimu alikuwa ameshafika mbali. Mimi nilibaki pale, na nadhani bado niko pale.

Sasa niwarudishe kwenye asubuhi ya kufunguliwa kwa kituo hiki. Hema limesimama, ngoma zimeshapashwa moto, mgeni ameshatoka Ngara mjini. Nikawasha mtambo. Mshale wa mita ukainuka kidogo, ukalala, na mtambo ukajizima wenyewe. Nikawasha tena, ukajizima tena. Siku iliyotangulia ulikuwa mzima. Nilipapasa nyaya zote, na Bwana Ansbert amesimama mlangoni na tai yake mpya.

"Nani mwingine ameingia humu?" akauliza.

"Nimeingia mimi," akasema Mama Tecla nyuma yake. "Umeme ukiwa umezimwa. Nimeisugua ile shaba kwa ndimu na majivu mpaka inang'aa. Na ile mizunguko ilikuwa imeachanaachana kama meno ya mzee. Nikaibana, ikakaa vizuri."

Nikafungua kabati. Ndugu zangu, sijawahi kuona koili nzuri kama ile. Ilikuwa imebanwa mzunguko kwa mzunguko, hakuna mahali pa kupitisha hata unyasi, inawaka kama alfajiri. Mama yake Mama Tecla, hapahapa Bukiriro, alikuwa fundi wa vikuku vya waya, vile vilivyovaliwa miguuni na wanawake wa zamani. Katika kazi ile, pengo likionekana kati ya waya na waya ni aibu ya fundi na ni aibu ya bibi harusi. Binti aliyekulia magotini pa fundi huyo aliiona koili yetu, akaionea huruma.

Bwana Ansbert akamwambia, "Mama, chukua kitenge chako uende nyumbani. Usirudi."

"Nitaenda," akasema. "Lakini mgeni akifika mtamwonyesha nini? Tai yako?"

Mnacheka. Siku ile hakucheka mtu. Mama Tecla alikuwa ameshajifunga kitenge, na kazi hii ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na wajukuu zake. Nikasema, "Meneja, asiende. Mikono yangu inatetemeka. Nahitaji ya kwake."

Nikazima umeme, nikautoa ule uliobaki ndani kwa fimbo yenye waya wa kuupeleka ardhini. Yeye akaachanisha mizunguko kwa vidole, akarudi nyuma. Nikawasha: mshale ukapanda kidogo. Nikazima, akaachanisha tena. Katikati ya kazi hiyo akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, palipo patupu napo panafanya kazi?"

"Panafanya, mama. Mizunguko ikibanana inaitikia mdundo mwingine, si wetu."

"Kumbe kama wake wenza," akasema. "Nao ukiwabana nyumba moja, wimbo unabadilika."

Nikacheka, na mikono yangu ikatulia. Mshale ukapanda, ukasimama. Simu ikalia kutoka Kaniha, mtu akasema, "Tunawapata." Mgeni wa siku ile hakuambiwa chochote. Mheshimiwa, wewe umeambiwa leo.

Mtambo mpya mtauona muda si mrefu. Ni mdogo kuliko friji ya soda. Msije mkadhani koili imeachwa. Nyingine humo ndani ni ndogo kama punje ya mchele, nyingine zimechorwa kwa shaba juu ya ubao bapa. Kazi yao haijabadilika: kuitikia mdundo wetu, na kuyazuia mawimbi ya mdundo mwingine yasitoke, tusije tukaingia uani kwa redio majirani. Na mapengo yapo, mengine membamba kama unywele, yamepimwa na mashine. Huko hakuna kidole kitakachoingia, wala ndimu.

Juma lililopita Mama Tecla alikuwa akipiga deki, akaniuliza bila kuinua uso, "Ile koili mtaipeleka wapi?"

"Stoo. Baadaye watakuja wanunuzi wa shaba."

"Itakuwa sufuria."

"Labda, mama."

Akaendelea na deki mpaka mlangoni, ndipo akasema, "Vikuku vya mama nilimzika navyo. Sikubaki na chochote."

Nilikwenda kwa Bwana Ansbert. Akanijibu kwamba mali ya kituo haigawiwi kama sukari, na kwamba akimpa mfagiaji koili, kesho mlinzi ataomba geti. Ana haki ya kusema hivyo. Aliniambia pia kwamba mwenye uamuzi ni Bodi. Bodi imeketi hapa mbele yangu, na wilaya mbili zinasikiliza.

Mwenyekiti, naiomba koili ile kwa ajili ya Mama Tecla. Tangu asubuhi ile ameifuta kwa kitambaa kikavu siku zote za kazi, mzunguko baada ya mzunguko, na hajawahi kusogeza pengo hata moja. Je, ni wangapi kati yetu tungeweza kukishika kila siku kitu ambacho mikono yetu inatamani kukirekebisha, tukakiacha? Mimi si msemaji. Chumbani mle yeye na mimi tumekaa miaka, yeye na kitambaa chake, mimi na mita zangu, maneno machache sana. Na sikuwahi kujiona niko peke yangu.

Kwa ninyi msiotuona: Mwenyekiti anamnong'oneza Bwana Ansbert. Bwana Ansbert anatikisa kichwa. Mwenyekiti ananong'ona tena. Sasa Bwana Ansbert anatazama tai yake. Anacheka. Mwenyekiti ameinua mkono kwangu.

Wamekubali.

Mama Tecla, ni yako. Ukifika nayo nyumbani, wageni watakuambia uibane ikae vizuri. Usiibane.

Mheshimiwa, Mwenyekiti, na wewe Bwana Ansbert, nawashukuru. Kwenu mlio mbali: Mama Tecla amesimama, anaelekea kwenye swichi. Akishaibonyeza hamtasikia chochote mpaka tuhamishie waya wa antena kwenye mtambo mpya. Msiguse redio zenu, msidhani tumewaacha. Pengo hilo tumeliweka kwa makusudi. Asanteni kwa kunisikiliza, na asanteni kwa ukimya huu mtakaousikiliza pamoja nasi.

Mama, zima.