Madame Hadassa na Samaki Aliyenyonyesha

Tarehe 2 Julai, Madame Hadassa Mbayo anastaafu baada ya kufundisha biolojia shuleni kwetu, hapa Kamina, kwa miaka thelathini na minne. Waliomwogopa zamani sasa wanamletea watoto wao wamwogope pia.

Alianza akiwa msichana mwembamba wa familia ya Wamethodisti, mwenye sauti ya kufika barabarani. Mimi, mwalimu wa historia wa chumba cha jirani, nimefundisha falme zote za Waluba nikisindikizwa na somo lake la mmeng'enyo wa chakula kupitia ukutani. Wanafunzi wangu hufaulu sana biolojia.

Lakini tunamkumbuka zaidi kwa Ijumaa moja ya Kwaresima. Mlinzi wetu Ferdinand, Mkatoliki kama mimi, alimtoa kakakuona kwenye shimo karibu na njia ya Base, kambi ya jeshi, akamleta katika gunia awe chakula cha walimu. Nyama ilikuwa mwiko siku ile, ila Ferdinand alikuwa na jibu: "Iko na magamba, Madame. Hii njo samaki ya pori." Sisi Wakatoliki tulikubali upesi mno, mimi nilishaenda kutafuta pilipili.

Madame alimweka kakakuona mezani kando ya tilapia wa Mto Lualaba, akaita darasa zima. Tilapia ni samaki, akaeleza: anaishi majini, anapumua kwa matamvua, na sokoni bado yuko tele. Kakakuona ni mnyama wa pori, mla mchwa, mwenye damu moto. Anatoweka, na sheria inamlinda. Magamba hayawafanyi ndugu. Alikuwa amejikunja kama mpira; tulingoja mpaka akajikunjua. Kifuani palikuwa na maziwa.

"Ferdi," akauliza taratibu, "samaki gani inanyonyesha? Na mutoto wake iko wapi?"

Hakuna aliyetaja chakula tena. Ferdinand alimrudisha kakakuona kwa baiskeli, Madame amekaa nyuma na gunia mapajani, maana imani yake kwa Wakatoliki ilikuwa na mipaka. Pale shimoni kadogo kalitoka, kakapanda mkia wa mama yake, wakaingia vichakani. Madame alisema ameingiwa na vumbi machoni. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima.

Somo hilo hufundishwa kila Kwaresima. Mwaka huu Madame alikaa dawati la nyuma, akamwachia Ferdinand. Mzee alivaa tai, na alipofika kwenye maziwa hakuna mtoto aliyecheka.

Asante, Madame. Nenda salama Bukama kwa binti yako Talitha. Tunakuombea siku ndefu za furaha. Somo liko mikononi mwa Ferdinand.