Senti ya Tundu Mbili ya Mama Norbert

Émilienne Bitondo, Mama Norbert, mwenye tunasindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 mwezi wa tano 1952 kule Mboko. Baba yake Lubunga alikuwa muvuvi, mama yake alilima mihogo.

Shule alisoma miaka mbili tu. Vita ya 1964 ikafunga mulango. Kuandika jina yake alijua, na kuhesabu hakuna mutu alimushinda.

Tarehe 12 mwezi wa nane 1972, hapa Baraka, aliolewa na mimi, Bonaventure Asukulu. Pete sikukuwa nayo. Nilikuwa na senti moja ya Wabeleji, ile ya nyota, yenye tundu katikati. Kamba ikipita katikati inafunika nyota. Basi nikachukua musumari ya piroge, mutumbwi wa kuvulia, nikatoboa tundu ingine pembeni. Musumari ukateleza, herufi moja ikapinda. Akaiangalia, akasema: "Umeiharibu muzuri." Akaivaa shingoni. Hakuivua hata tulipokimbilia Tanzania 1996, hata tuliporudi.

Kazi yake ilikuwa kuuza ndagala, dagaa za ziwa, ku soko ya Baraka. Siku hizi simu zimeleta wazimu: eti senti ya zamani yenye kosa ya kiwanda inatajirisha mutu. Watu wazima wakaanza kupiga senti za babu zao na nyundo, ndipo waseme zilizaliwa vile. Wilfried, mutoto wa kaka yake, ule amevaa miwani ya jua ku kilio, alimuletea moja yenye kubonyea.

"Tantine, angalia, mashini ililewa!"

"Mashini hailewake, mwanangu. Harufu inatoka kwako."

Soko yote ikacheka. Wilfried akacheka pia. Hakuelewa.

Mwaka jana tension, presha ya damu, ilimushika. Mwezi wa tatu mwaka huu miguu ikavimba. Alikufa tarehe 18 mwezi wa sita 2025, asubuhi, mukono wake ndani ya mukono wangu.

Bamama hawajamaliza kumuosha, Wilfried akafika ku mulango.

"Tonton, tutoe ile senti. Tundu mbili! Ni kosa ya mashini. Bei yake ni piroge na moteri."

"Shangazi yako bado iko na joto."

"Lakini udongo utaiharibu, Tonton."

Kumbe analilia senti.

Senti iko shingoni mwake, ndani ya sanduku. Najua kuko wenye wameshaangalia udongo wa hapa kama ni laini. Basi musikilize, nasema mara moja. Tundu ya kiwanda iko laini pande zote mbili, na maandishi yanaizunguka bila kuguswa. Musumari unasukuma chuma: huku shimo, kule mudomo unatoka kama wa mutoto mwenye kununa. Tundu ya pembeni iko na mudomo. Herufi imepinda. Hakuna mashini ilikosa. Ni mukono wangu, siku ya arusi. Mwenye atachimba atapata kazi ya musumari yangu, na hata sabuni haitamununulia.

Ameacha bwana yake; batoto batatu, Norbert, Solange na Chérie; bajukuu kumi na moja; na kaka yake moja. Wilfried ahesabiwe pia, juu ya damu.

Mama Norbert, pumzika. Na nyinyi mumuache apumzike.