Dk. Thuwaiba Mjaka na Darasa la Chupa

Assalaam alaykum. Wazee wetu, ndugu na jamaa, majirani wa Kiponda, na nyinyi madaktari na wauguzi mlioacha wodi kuja kukaa nasi kwenye hitma hii, familia imenipa mimi, Khatib Mjaka, mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, nami nayasoma kwa kufuata aliyoyaandika mwenyewe kitandani, pamoja na machache tuliyoyaongeza sisi kwa sababu yeye asingeyasema.

Dk. Thuwaiba Mjaka Khatib alizaliwa hapa hapa Kiponda, siku ya Ijumaa, tarehe 9 Juni 1967, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Mzee Mjaka, fundi cherehani mwenye asili ya Tumbatu, na marehemu Bi Mwanakheir Mbarouk. Baba yetu alikuwa akimfumulisha pindo la kanzu mara tatu na kumrudisha tena barazani kushona, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba mkono wake wa kazi aliupatia pale, kabla hajaijua sindano ya hospitali. Alisoma skuli za hapa mjini mpaka kidato cha sita, akaenda Dar es Salaam mwaka 1989 kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1994, na mwaka 1997 akaanza kusomea ubingwa wa upasuaji Bara, kisha akasomea upasuaji wa kifua Misri kuanzia 2004 hadi 2006, mwaka aliorejea Unguja.

Tarehe 22 Disemba 1996 alifunga ndoa na Bwana Mabrouk Ubwa, mwalimu wa hesabu, wakajaaliwa mabinti wawili, Rukaiya na Khairiya, na Bwana Mabrouk alitangulia mbele ya haki mwaka 2014.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwafundisha madaktari wa mwaka wa kwanza wanaosomea upasuaji wa kifua, na alianza nao kwa namna yake: kabla ya kushika kisu, kila mmoja alikalishwa kwenye kigoda pembeni mwa kitanda cha mgonjwa, asubuhi mpaka adhana ya Adhuhuri, bila simu, akiitazama chupa. Kwa sisi tusio madaktari, pafu likitoboka hewa hujaa kifuani, kwa hiyo hutiwa mpira ubavuni unaoipeleka hewa hiyo kwenye chupa ya maji chini ya kitanda, nayo ikatoka kwa mapovu, na maadamu mapovu yapo mpira ule haubanwi, hata mgonjwa akihamishwa, maana hewa ikikosa njia huusonga moyo. Vijana walinung'unika kwamba wamekuja kujifunza kupasua, si kutazama maji, na yeye akiwajibu, "Nshakwambieni, kaa hapo, utazame, kisha uje unieleze umeona nini." Wakaliita darasa la chupa, wakalicheka, na walio humu leo wanajua ni wagonjwa wangapi liliwaokolea.

Dada hakuwa mtu mwepesi, na hapa nani asiyelijua hilo. Tarehe 11 Februari 2020, mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, Dk. Mudrik, kijana ambaye dada alikuwa akimsifia nyumbani mpaka wanawe wakiona wivu, alimpeleka mzee mmoja wa Chwaka kupigwa picha ya kifua, akahofia maji ya chupa yasirudi ndani njiani, akaubana mpira. Mzee alianza kukata roho ukumbini, dada akaja mbio, akaufungua, na yule mzee alipona na bado yu hai. Lakini mbele ya wagonjwa, wauguzi na wenzake wote, dada alimwambia Mudrik, "Toka wodini kwangu, na kifua cha mtu usikiguse tena." Kijana akavua koti, akaliweka juu ya kitanda kitupu, akaondoka, na siku ya pili hakuja, wala ya tatu, na baadaye tukasikia anafanya kazi kwenye hoteli Kendwa.

Tangu hapo dada yetu hakuwa na raha. Wanafunzi wengine walikuja wakafuzu, akawapenda, lakini kila mwaka majina mapya yalipoletwa aliisoma karatasi mpaka chini, akiitafuta herufi ya kwanza ya jina moja. Mara tatu Rukaiya alimpeleka Kendwa kwa gari, na mara zote tatu walifika kwenye geti la hoteli, dada akasema, "Turudi, mwanangu, nitamwambia nini?" Alimkumbuka yule kijana kama mtu anavyomkumbuka mwanawe, na kiburi kikamzuia.

Mwezi Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, akatibiwa Dar es Salaam na baadaye hapa, na mwezi uliopita akatiwa mpira ubavuni, wodini kwake mwenyewe. Tarehe 1 Septemba aliandika maneno yafuatayo akaamrisha yasomwe. Kwetu marehemu hutajwa kwa mema na aibu yake husitiriwa, kwa hiyo mimi nilikataa katakata, jana nyumba nzima ilibishana, mpaka Rukaiya alipouliza kama tunamsitiri mama yake au tunajisitiri wenyewe. Ameandika hivi:

"Tarehe 5 Agosti 1997, nikiwa mwaka wa kwanza, niliubana mpira wa mama mmoja wa miaka ishirini na sita ili nimhamishe, na akafa mikononi mwangu. Mwalimu wangu hakunipigia kelele. Alinikalisha kwenye kigoda mbele ya chupa ya mgonjwa mwengine, akaniambia nitazame, na kesho yake akanirejesha kazini. Mudrik alifanya kosa langu, mgonjwa wake akapona, na mimi nikamfukuza, kwa sababu nilipomwona nilijiona. Mwambieni."

Alifariki Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akazikwa siku hiyo hiyo Mwanakwerekwe baada ya Alasiri. Tunawashukuru madaktari waliomuuguza huku wakifutana machozi, wauguzi walioivumilia amri yake mpaka akiwa kitandani, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza.

Dk. Mudrik, hatujui kama umo humu au umo nje barazani, au habari hizi utazipata kwa watu. Dk. Nassra, anayeiongoza wodi sasa, ameturuhusu tuseme kwamba darasa la mwaka wa kwanza linaanza Jumatatu saa moja na nusu, na jina lako amelitia. Dada alikuwa anakungoja, alikungoja mpaka Jumanne saa nne.

Dada Thuwaiba, tumeyasoma yote. Mola akusamehe, akupokee, na wewe sasa pumzika kwa amani.