Mama Nyuzi na Cherehani ya Dada Yake

Hebu niwaulize, wasikilizaji wapendwa. Umewahi kuitikia "ehe" katika jambo ambalo huelewi hata chembe? Mtu anaeleza, wewe unatikisa kichwa, naye anazidi kuendelea kwa sababu umeitikia. Usione haya. Leo tunamkumbuka mtu aliyeitikiwa hivyo kwa miaka mingi, pamoja na yule aliyekuwa akimwitikia.

Tunamkumbuka mtafiti wa fizikia, mwalimu wa chuo kikuu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Nyuzi. Mama Nyuzi alifariki wiki iliyopita baada ya kuugua mapafu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mbili. Ameacha mume, binti mmoja, na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Mengi ya haya tumeyapata kwa huyo dada.

Kwa nini Mama Nyuzi? Msiogope, wasikilizaji, twende polepole. Wenye elimu ile wana sheria mbili. Ya kwanza inasimamia vitu vikubwa, kama nyota na sayari, na ule uvutano unaoangusha kikombe kutoka mezani. Ya pili inasimamia vitu vidogo mno, vidogo kuliko chochote unachoweza kukiona kwa hadubini. Kila sheria ikiwa peke yake, mambo ni shwari. Ziweke pamoja, ni mawifi wawili katika jiko moja. Mama Nyuzi alikuwa katika wale wanaotafuta kuzipatanisha. Wao husema huenda ukichungulia ndani kabisa ya kila kitu hukuti punje, unakuta uzi mdogo unaotetema. Huenda. Hakuna aliyeuona bado.

Na kazi hiyo haina mashine. Ina ubao, chaki na kichwa. Mume wake anacheka akikumbuka: "Nilikuwa namkuta amejilaza kwenye kochi mchana kweupe, macho kafumba. Nikimwambia, mama, umelala? Ananijibu, niko kazini. Na kweli alikuwa kazini! Ukimsemesha anakasirika."

Sasa tuingie kwenye chumba cha dada. Ni chumba cha nyuma, ghorofani, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Kuna meza ya kukatia ambayo mguu wake mmoja umewekewa kadibodi isitikisike. Kuna pasi, kuna kopo la vifungo visivyofanana. Kuna kiti cha plastiki cha bluu, kimepasuka kidogo mgongoni na kushonwa kwa waya. Kiti hicho kilikuwa cha Mama Nyuzi. Mteja akikikalia, dada alisema, "Samahani, hicho kina mwenyewe." Mteja alisimama, hata awe mjamzito. Basi, mjamzito alipewa kiti cha fundi.

Kila Jumamosi mchana Mama Nyuzi alikuja kukalia kiti chake. Alivua viatu, akaanza kusema hesabu zake kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Dada alikanyaga cherehani. Mdogo akisita kuvuta pumzi, mkubwa alisema, "Ehe, halafu?" Basi, safari ikaendelea.

Dada huyu ndiye aliyemlea. Mama yao alitoka kazini jua limezama, na mkubwa ndiye aliyemvisha mdogo soksi na kumpeleka shule. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Kwa hiyo mdogo alipomjia na nyuzi zake zinazotetema, dada hakuelewa kitu. Hakuelewa hata neno moja. Lakini aliogopa kusema. Aliogopa kwamba siku atakayokiri, mdogo atasema, "Kumbe napoteza wakati," na kile kiti kitabaki kitupu.

Basi akashika "ehe" yake. Kumbukeni hilo.

Jumamosi moja Mama Nyuzi alikuja amejaa furaha. Yeye na mwanafunzi wake walikuwa wamekamilisha hesabu kubwa na kuitangaza kwa watafiti wenzao. Hesabu hiyo ilionyesha njia mpya ya kuzipatanisha zile sheria mbili. Wenzao walikuwa wameisoma na kuisifu. Akaanza kuieleza. Dada alikuwa akihangaika na pindo la sketi iliyokuwa ikiteleza. Hakusikia kitu. Kwa kuogopa kugunduliwa, akasema, "Hapo katikati rudia, cherehani ilikuwa inapiga kelele."

Mama Nyuzi akarudia. Akafika katikati, akakwama. Akarudia tena, polepole. Akavaa viatu.

"Dada," akasema, "nimekosea."

"Umekosea nini tena?"

"Sisi hesabu zetu zina muda na zina nafasi. Kuna wanaoupa muda alama ya kutoa, na kuna wanaoipa nafasi alama ya kutoa. Zote mbili ni sawa, mradi ushike moja mpaka mwisho. Mimi mwanzo nimefuata huku. Katikati nikachukua kipande cha kazi yangu ya zamani, nilipokuwa nafuata kule. Nimeviunga bila kugeuza alama."

Mama Nyuzi akaigusa ile sketi mezani.

"Ni kama umepima kiuno kwa inchi na urefu kwa sentimita, kisha ukakata kitambaa."

"Heee! Hiyo atavaa nani, jini?"

Mama Nyuzi hakucheka. Aliondoka bila kunywa chai.

Wiki ile ile alisimama mbele ya ukumbi uliojaa wenzake. Walikuja kumsikia akielezea ushindi wake. Akaandika hesabu ubaoni, akaizungushia duara ile alama moja, akasema, "Hesabu hii tuliitangaza. Hesabu hii si sahihi. Kosa ni langu, si la mwanafunzi wangu." Mwanafunzi huyo, ambaye leo naye ni mwalimu, anatuambia: "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye alipangusa chaki mikononi, akauliza, kuna swali?"

Lakini Jumamosi hakuja. Na iliyofuata hakuja. Dada alijua sababu, au alidhani anajua. Yeye ndiye aliyesema "rudia." Yeye ndiye aliyeibomoa furaha ile, tena kwa uongo wa cherehani. Shoga yake wa duka la vitambaa alimwambia, "Si umfuate?" Dada akajibu, "Mkubwa hamfuati mdogo." Akarundika vitambaa juu ya kiti cha bluu ili asikione kitupu.

Ikapita miezi. Kisha binti wa marehemu akaja mlangoni. "Mama mkubwa," akasema, "mama anaumwa. Hawezi kupanda ngazi zako."

Wasikilizaji wapendwa, dada huyo hakuuliza mara mbili. Alifungua kichwa cha cherehani, akakifunga kwenye shuka, akamwambia binti ashike upande wa pili. Wakakibeba mpaka chumbani kwa mgonjwa. Akakiweka juu ya meza, kando ya kitanda, katikati ya chupa za dawa. Akaanza kushona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Hakusema hata pole.

Na mgonjwa, midomo mikavu, akaanza: "Sasa dada, chukua uzi mmoja..."

Kilichosemwa baada ya hapo nitakisema punde. Kwanza, kwa niaba ya kituo hiki, tunampa pole mume wa marehemu, binti yake, wanafunzi wake, na fundi wetu huyu. Mungu awape subira. Na sisi tuliobaki tujiulize: ni nani anayesubiri tukae tumsikilize, hata kama hatuelewi? Na kiti cha nani tumekirundikia vitambaa?

Turudi chumbani. Dada alisimamisha gurudumu.

"Ngoja," akasema. "Mimi hayo mambo yako siyaelewi. Sijawahi kuyaelewa. Hata siku ile, cherehani haikuwa na kelele."

Mama Nyuzi akacheka mpaka akakohoa. "Najua, dada. Siku moja nilipiga chafya ukasema ehe, halafu?"

"Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Wenzangu wanaelewa haraka mno. Nikiruka, wanaruka na mimi, na kosa letu tunalibeba pamoja. Kwako nilipita njia yote kwa miguu." Akavuta pumzi. "Niliacha kuja kwa aibu. Kwako ndiko nilikojiona nina akili. Nami siku zote nilidhani unanivumilia tu. Wewe ulikuwa unataka nini?"

Dada akapangusa mafuta ya cherehani vidoleni.

"Nilitaka uje," akasema. "Hata ungekuja kunisomea bei ya vitunguu, ningesema ehe. Nilitaka uje tu, mdogo wangu, ukae pale."