Bi Mashavu na Watoto Waliosikia Kengele

Leo Alkhamisi, tarehe 28 Agosti 2025, Bi Mashavu Borafya Wakil anatimiza umri wa miaka sitini na anastaafu utumishi wake katika Skuli ya Sekondari ya Wakfu wa Zuwena, Kikwajuni, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na saba kasoro siku tatu. Siku tatu hizo amezihesabu mwenyewe. Wiki iliyopita alimuuliza Mwalimu Mkuu, kwa ule upole wake unaotisha, kama hawezi kuzimalizia ili hesabu ikae vizuri. Akajibiwa kwamba sheria hairuhusu. Akakubali, kwa sababu Bi Mashavu huiheshimu sheria hata inapomuuma yeye, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Aliingia skuli tarehe mosi Septemba 1988, msichana wa miaka ishirini na tatu, akiwa mpiga chapa. Miaka sita baadaye akawa karani mkuu na mtunzaji wa daftari la uandikishaji, lile kubwa lenye jalada jekundu ambalo hakuna mwalimu anayethubutu kulifungua bila ya ruhusa. Wapo walimu waliokuja wakamkuta, wakasomesha, wakastaafu, wakamwacha pale pale mezani kwake. Mwandishi wa wasifu huu anasomesha hisabati tangu mwaka 1996 na bado hujikagua vifungo vya shati kabla ya kuingia ofisini kwa Bi Mashavu. Kwanza shikamoo, kisha usubiri marahaba, kisha ndipo useme shida yako. Hata Mwalimu Mkuu alifuata utaratibu huo.

Kompyuta ilipoletwa mwaka 2007 aliisomea, akaijua vizuri kuliko vijana, na bado kila jina aliendelea kuliandika kwa mkono katika daftari jekundu. Tulimcheka. Mwaka 2011 kompyuta ilikufa siku nne kabla ya kupeleka majina ya watahiniwa wa kidato cha nne, na majina yote yakatoka kwenye daftari lile, pamoja na tarehe za kuzaliwa. Kutoka siku hiyo hakuna aliyecheka tena, angalau si mbele yake. Barua za kuombea ruhusa ya ugonjwa nazo alizitambua kwa mwandiko tu: huyu kaandikiwa na mama, huyu kajiandikia, na huyu kaandikiwa na mwenzake wa dawati la nyuma.

Lakini hayo yangetosha kumsifu karani yeyote mzuri. Tunalomkumbuka nalo Bi Mashavu ni kubwa zaidi, nami kila nikilifikiri nashangaa upya.

Skuli yetu ni ya wakfu, na nafasi tisini za kidato cha kwanza hugawiwa na Kamati ya Wakfu. Tangu zamani kanuni ilikuwa moja: anatangulia mtoto ambaye mzazi wake au ndugu yake alisoma hapa. Ilionekana ni kanuni ya heshima, ya kutunza udugu, na hakuna aliyeitilia shaka. Familia hizo zikakua, zikahama Kikwajuni, zikajenga Kiembe Samaki, Mbweni na Tunguu, na kila asubuhi zikawa zinawaleta watoto kwa gari mpaka kichochoro chetu kikawa hakipitiki. Bi Mashavu mwenyewe ni wa familia hizo. Kaka zake walisoma hapa, binti yake Radhiya alisoma hapa, na anaishi Kiembe Samaki.

Aliyemfungua macho ni Bi Mize, jirani yetu anayekaanga maandazi nyuma ya ukuta wa skuli. Mwaka 2014, Bi Mashavu alikwenda kununua, akamwuliza bintiye Sumaiya ataletwa lini kuandikishwa. Bi Mize akaendelea kugeuza maandazi yake. "Hii skuli sie twaisikia kengele yake tu, Bi Mashavu," alimjibu. "Nnaijua saa ya mapumziko, nnaijua saa ya kurudi nyumbani. Lakini si yetu." Alisema bila ya uchungu wowote, na nadhani hapo ndipo palipouma.

Bi Mashavu alirudi ofisini, akafungua daftari jekundu, na kwa wiki mbili hakuna aliyejua anafanya nini. Katika mkutano wa mwisho wa muhula, mbele ya walimu na Kamati, aliomba dakika kumi. Akasimama, akavaa miwani, akaanza kusoma majina ya wanafunzi wote mia tatu na sitini. Hakusoma jina la mtoto wala la baba. Alisoma jina la tatu peke yake, la babu.

Mwanzoni tulicheka, maana ilikuwa kama tumekaa kwenye harusi ya watu tunaowajua. Jina lilisomwa, likarudi, likarudi tena. Kufika katikati watu walikuwa wanahesabu kwa vidole. Kufika mwisho hesabu ilikuwa wazi. Babu arubaini na mmoja tu, wanafunzi mia tatu na sitini. Borafya, jina la baba yake mwenyewe, lilitajwa mara nane, na sauti yake haikushuka hata kidogo. Kisha akasema: "Wanaokaa Kikwajuni ni hamsini na wawili. Waliobaki wanapita mbele ya milango ya watu kuja kusoma." Akakaa.

Walibishana miezi, lakini Kamati ilimwachia apendekeze njia nyingine. Hapa naomba radhi, kwani wasifu hautakiwi kujaa "mimi", ila sina budi: nilijitolea kumchorea ramani na kupima umbali. Aliitazama ramani yangu, akaisifu, akaikunja. Akasema, "Mwalimu, Bi Mize hakunambia habari ya mita. Kanambia kengele." Kengele yetu, kwa asiyeijua, ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwarubaini mbele ya ofisi, inayopigwa kwa nondo. Aliazimia kuzipata nyumba zote zinazoisikia, nyumba baada ya nyumba.

Mara ya kwanza tuliharibu. Mlinzi wetu, Matar, alipoambiwa kengele inapigwa kwa ajili ya Bi Mashavu, alivua shati na kuipiga rimu kwa mikono miwili hata wakaisikia Michenzani, na watu wakatoka nje wakidhani kuna moto. Bi Mashavu alirudi mbio, kanga inampepea. "Matar! Piga kama upigavyo kila siku. Usipige kama unaomba kura!" Ikabidi tuanze upya. Tulizunguka mara tatu: wakati wa upepo wa kaskazi, wakati wa masika mvua ikigonga mabati, na wakati wa kusi. Kila mlango alipiga hodi, akauliza kama wameisikia, akaandika. Bwana mmoja mzee alimwambia, "Miye masikio yashakufa, lakini mke wangu hunambia," naye akaandika jina la mke. Nyumba iliyosikia mara zote tatu ikaingia daftarini. Zilifika mia nne na kumi na mbili.

Kanuni aliyoipeleka ilikuwa ya mistari mitatu. Nafasi zitolewe kwanza kwa watoto wa nyumba zinazoisikia kengele. Kati yao atangulie yule ambaye nyumbani kwao hajawahi kusoma mtu hapa. Zikibaki nafasi, wa mbali wapigiwe kura hadharani, bila ya kuulizwa baba yao nani. Mjumbe mmoja mwenye nyumba Mbweni aliuliza kama haiwezekani kununuliwa king'ora cha umeme. Kanuni ikapita kwa tofauti ya kura moja, na wajumbe wawili wakajiuzulu siku hiyo hiyo.

Sasa niseme lile ambalo wengi wenu hamlijui, kwa sababu yeye hajalisema hata siku moja. Mwaka ule ule wa kwanza wa kanuni mpya, Januari 2016, katika maombi alikuwamo Ilham, mtoto wa Radhiya, mjukuu anayelelewa na Bi Mashavu Kiembe Samaki. Kwa kanuni ya zamani jina lake lingekuwa la mwanzo kabisa. Tangu mdogo alikuwa akija ofisini na bibi yake siku za likizo, na alishachagua dawati lake, la dirishani, kidato cha kwanza B. Sare alishashonewa. Bi Mashavu alijua hayo yote alipokuwa anapiga hodi kwenye nyumba zile mia nne na kumi na mbili.

Watoto wa kengele walichukua nafasi themanini na tatu, Sumaiya wa Bi Mize akiwa mmojawao. Zikabaki saba, na wa mbali walioomba ni zaidi ya mia. Kura ilipigwa uwanjani, karatasi ndani ya bakuli, na mwenyekiti wa Kamati, Mzee Haroub, akizichomoa na kuzisoma. Ilham alikaa mbele na sare yake mpya mapajani. Karatasi ya kwanza haikuwa yake, wala ya nne, wala ya sita. Iliposomwa ya saba, mama mmoja kutoka Tunguu akapiga kigelegele.

Mzee Haroub alikuwa mtu wa huruma, Mungu amrehemu. Aliona uso wa yule mtoto, akanyanyua mkono, akasema kwamba kwa heshima ya utumishi wa Bi Mashavu Kamati inaongeza nafasi moja, ya tisini na moja. Uwanja mzima ulishangilia. Nilishangilia na mimi, tena kwa nguvu. Bi Mashavu akasimama. "Ahsante, Mzee Haroub. Tisini ni tisini. Nikimtia wangu, hawa wanaorudi mikono mitupu nitawatazama na uso gani?" Akafunga daftari. Ilham aliondoka uwanjani na sare yake, peke yake, na bibi yake hakumfuata kwa sababu kulikuwa na majina tisini ya kuandika. Aliyaandika yote siku ile. Nilikaa naye ofisini mpaka akamaliza. Mwandiko wake haukutetereka mahali popote, nendeni mkautazame.

Ilham akaandikishwa skuli nyingine, karibu na kwao. Kwa miezi mitano hakuzungumza na bibi yake. Adabu haikumruhusu kuacha shikamoo, lakini baada ya marahaba hakuongeza kitu. Bi Mashavu alikuwa akija kazini kama kawaida, saa moja kasorobo, na alipoulizwa hali alijibu salama. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, siku ya tatu, wakati wa kufuturu, ndipo mtoto yule alipoisogeza sahani ya tende upande wa bibi yake. Kesho yake Bi Mashavu alinipa habari hiyo mlangoni mwa darasa, kwa sentensi moja, akaenda zake haraka.

Sitaki kusema kwamba mambo yalinyooka mara moja. Matokeo ya mtihani yalishuka mwaka wa kwanza na tulilaumiwa sana. Walimu tulijifunza kusomesha watoto ambao nyumbani kwao hakuna wa kuwaonesha hesabu, jambo ambalo, kwa kweli, tulikuwa hatujawahi kulifanya. Mwaka wa tatu matokeo yalirudi yalipokuwa zamani, na wa nne yakapanda zaidi. Sumaiya leo ni muuguzi. Kichochoro chetu asubuhi kimejaa miguu badala ya magari. Mwaka huu daftari jekundu lina babu mia mbili na sitini na wanane. Bi Mashavu amewahesabu kabla ya kuondoka.

Mwezi uliopita ilikuja barua kutoka chuo kikuu cha Tunguu, ya mwanafunzi wa ualimu anayeomba kufanya mazoezi ya kusomesha kwetu. Bi Mashavu aliona jina juu ya bahasha. Akaishika kwa ncha za vidole, akaniletea mimi. "Mwalimu, hii si yangu kuifungua. Kama nafasi ipo, ipo. Kama haipo, usinitazame mie." Ilikuwapo. Ilham sasa anasomesha jiografia, na darasa alilopewa ni kidato cha kwanza B.

Wiki hii ndiye mwalimu wa zamu, na siku hizi kwetu mwalimu wa zamu ndiye anayepiga kengele, si mlinzi tena. Nilimuuliza Jumatatu anajisikiaje. Akacheka. "Nlikuwa siisikii, Mwalimu. Sasa naipiga mie." Akaenda kwenye mwarubaini, akachukua nondo. Nilikuwa nimesimama dirishani kwa Bi Mashavu. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hapa sijapata kumwona akiacha kuandika kwa sababu ya kengele. Safari hii aliweka kalamu chini, akavua miwani, akasikiliza mpaka mlio wa mwisho. Kisha akaniuliza kama sina kipindi.

Bi Mashavu, kwa niaba ya walimu, wanafunzi, Kamati ya Wakfu na nyumba mia nne na kumi na mbili, tunakushukuru. Tuwie radhi kwa kila tulipokuudhi. Mwenyezi Mungu akupe afya, umri na raha uliyojinyima. Kuanzia kesho utaamkia Kiembe Samaki siku ya kazi bila ya kuwa na kazi, na kengele yetu haifiki huko, tulipima wenyewe. Basi saa moja na nusu, ukiwa na kikombe chako cha chai ya tangawizi, jua tu kwamba imeshapigwa, na watoto wa Kikwajuni wanakimbia kuja.

Mwalimu Talib Muhiddin
Idara ya Hisabati